Maswali ya Wasomaji: Ndani ya Jumba la Kahawa Lenye Ghorofa Nne au Tano

Toleo hili tunajibu barua za wasomaji wanaojiandaa kusafiri na wanaotaka kupita kwenye majumba makubwa ya kahawa, yale ambamo buni hukaangwa, huandaliwa na kuuzwa chini ya paa moja. Yanayotajwa sana ni ya kampuni ya Marekani ya Starbucks, yaitwayo Starbucks Reserve Roastery: Shanghai (2017), Milan na New York (2018), Tokyo na Chicago (2019). Lile la kwanza, la Seattle, lilifunguliwa mwaka 2014 na kufungwa Septemba 2025, kwa hiyo kitabu cha mwongozo kinachokuelekeza huko kimeshapitwa na wakati.

*Nitakuwa Chicago kwa siku tatu. Nimeambiwa nisikose jumba la kahawa la ghorofa tano lililoko Michigan Avenue. Je, kuna cha kuona humo, au ni mgahawa kama mingine uliopambwa tu? Nitenge muda gani?*

Cha kuona kipo, ila ghorofa zote hazilingani. Jengo hilo liko kwenye kona ya Michigan Avenue na Erie Street. Lilifunguliwa tarehe 15 Novemba 2019 na lina ukubwa wa mita za mraba 3,250 hivi. Katikati limesimama tangi la chuma la urefu wa mita 17, na ngazi ya umeme iliyopinda inapanda ikilizunguka. Lilipofunguliwa lilipangwa hivi: chini kabisa mashine ya kukaangia, kaunta kuu na sehemu ya kununua punje kwa kupimiwa, ya pili mikate na vyakula vya Princi, waokaji wa Kiitaliano, ya tatu kaunta ya njia za kipekee za kuandaa kahawa, ya nne baa ya vinywaji mchanganyiko, ya tano roshani ya juu, ambayo hutegemea msimu. Ukiingia soma ubao wa mlangoni, maana mambo hubadilika.

Kwa maoni yetu, mwenye hamu ya kahawa ashughulike na ile ya chini na ile ya tatu. Hizo ndizo zenye kitu ambacho mgahawa wa mtaani hauna. Mikate ni mizuri, lakini mikate mizuri ipo mahali pengi mjini.

Saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Wageni wengi wakishaingia husimama kwenye kaunta ya kwanza wanayokutana nayo, ndiyo maana foleni ya chini hugeuka ndefu wakati kaunta za juu zina viti. Pita, angalia kama mashine ya kukaangia inafanya kazi, kisha panda. Utarudi chini mwishoni kununua. Saa ya kwanza baada ya kufungua, siku ya kazi, ndiyo yenye nafasi. Jumamosi mchana ndiyo mbaya kuliko zote. Tokyo ina tatizo lake la pekee. Jumba hilo, lililosanifiwa na Kengo Kuma, liko kando ya mto Meguro mtaani Nakameguro, na maua ya micheri yanapochanua, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, watu hujaa kiasi cha kugawiwa tiketi za namba na kusubiri zamu nje. Kama maua si lengo lako, nenda wiki nyingine.

Jambo dogo linalowapoteza watu: Marekani na Japani huanza kuhesabu ghorofa kwenye usawa wa barabara, wakati Italia ghorofa ya kwanza ni ile ya kupanda ngazi. Mkiagana kukutana “ya pili”, hakikisheni mnahesabu namna moja.

*Mwenzangu aliyetoka Milan anasema alisimama mbele ya mashine ya kukaangia, akaiona inazunguka, lakini hakusikia harufu ya kahawa wala hakuona moshi. Je, wanakaanga kweli, au ni maonyesho?*

Wanakaanga kweli. Moshi hauonekani kwa sababu huchomwa kabla haujatoka nje. Katikati ya mji hakuna mamlaka itakayokubali bomba litoe moshi juu ya maduka, kwa hiyo hewa kutoka kwenye mashine hupitishwa kwanza kwenye kichujio cha makapi, halafu kwenye tanuri la pili lenye joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, na humo moshi na harufu huungua. Harufu kidogo inayobaki ukumbini hutoka kwenye sinia la kupozea na kwenye mashine za kusagia zilizoko kaunta. Aliyetegemea kupokewa na harufu nzito mlangoni ataona amepunjwa, ingawa kwa majirani hiyo ndiyo dalili kwamba mitambo iko sawa.

Isitoshe, kahawa inayokaangwa hainuki kama kahawa iliyo kikombeni. Buni mbichi ni ya kijani-kijivu na hunuka nyasi. Hutolewa kwenye magunia, kwa kawaida ya kilo 60 au 70, ikamiminwa kwenye mdomo wa kupokelea na kupandishwa kwa hewa hadi kwenye ghala dogo lililo juu ya mashine. Kisha huachiwa iingie kwenye pipa lililokwisha pashwa moto, karibu nyuzi 200. Dakika chache za mwanzo ni za kukausha maji yaliyomo. Punje zikifika kama nyuzi 150 hugeuka manjano, na hapo harufu ni ya nyasi kavu, kisha ya mkate. Zinaendelea kuwa kahawia mpaka karibu nyuzi 196 hadi 205, ambapo mvuke na gesi vilivyobanwa ndani huzipasua. Huo ndio mpasuko wa kwanza, na husikika kama bisi zinazolipuka sufuriani, ila kwa sauti ndogo. Baada ya hapo kila sekunde ina maana: akikatisha mapema, mkaango unabaki mwepesi wenye uchachu, akiongeza dakika mbili au tatu, uchungu unapanda na tabia ya shamba ilikotoka inafifia.

Mkaango mmoja huchukua dakika 8 hadi 15, kutegemea mashine na wingi wa mzigo. Kisha mlango hufunguliwa na punje humwagika kwenye sinia la duara lenye mikono inayozikoroga huku feni ikivuta hewa kupitia katikati yake. Lazima zipoe ndani ya dakika chache. Zikichelewa, joto lililo ndani yake huendelea kuzikaanga, na mkaango wa kati huishia kuwa mzito bila mtu kuukusudia. Ukipima kabla na baada, uzito umepungua kwa asilimia 12 hadi 20, sehemu kubwa ikiwa maji. Ndiyo sababu mojawapo ya kilo ya kahawa iliyokaangwa kugharimu zaidi ya kilo ya mbichi hata kabla ya kodi na mishahara.

Lile tangi kubwa nalo lina kazi. Kahawa iliyotoka motoni hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa, na ikifungwa mara moja kwenye mfuko usio na tundu, mfuko huvimba. Kwa hiyo punje hupumzishwa kwanza. Mabomba yanayopita juu ya vichwa vya wateja, yenye mlio kama mvua ya mawe juu ya bati, ndiyo yanayosafirisha punje zilizokwisha kukaangwa kwenda kaunta na kwenye upakiaji.

Kuhusu mahali pa kusimama: upande wa sinia, ukiangalia mkono wa mkaangaji. Kwenye uso wa mashine kuna kijiko chembamba cha chuma ambacho yeye hukichomoa, hutazama rangi, hunusa, hukirudisha. Akianza kukichomoa mara kwa mara, mpasuko uko karibu. Mashine haikaangi mchana kutwa. Muulize mhudumu mkaango unaofuata ni saa ngapi, kabla hujaagiza chochote.

*Orodha ya vinywaji ni ndefu mno na bei si za mchezo. Niagize nini ili nisijutie?*

Kwanza, yaache yale unayoweza kuyapata tawi lolote la kawaida: maziwa mengi, sharubati ya vanila, krimu juu. Si mabaya, lakini hayaonyeshi tofauti ya jengo hili na mengine.

Agizo tunalolipendekeza kuliko mengine yote ni kahawa moja kwa njia mbili. Chagua punje za asili moja, uombe ziandaliwe kwa kuchujwa kwa mkono na kwa sifoni, kisha onja zote mbili bila sukari. Punje ni zile zile, maji yale yale, na tofauti yote imetokana na njia. Ile ya chujio la karatasi huwa nyepesi na safi kwa sababu karatasi imeshika mafuta. Katika sifoni, maji ya tufe la chini hupashwa moto, mvuke huyasukuma yapande kwenye tufe la juu ambako kahawa hukorogwa, kisha moto huondolewa, tufe la chini hupoa, na ombwe huivuta kahawa irudi chini kupitia kitambaa au chujio. Kikombe chake huwa cha moto sana. Usikinywe upesi! Kisubiri dakika nne au tano. Ladha ya matunda hujitokeza kikipoa, na ulimi ulioungua hauonji kitu kwa siku nzima.

Agizo la pili ni seti ya kuonja, yaani vikombe vidogo viwili au vitatu vya kahawa tofauti pamoja na kadi za maelezo. Anza na mkaango mwepesi umalizie na mzito. Omba maji yasiyo na gesi, piga funda kila ukibadilisha kikombe. Kama kuna Ethiopia iliyokaushwa na tunda lake na nyingine iliyooshwa, yaani iliyotolewa tunda kabla ya kukaushwa, ziombe pamoja: ya kwanza huelekea matunda yaliyoiva sana, hata uchachu wa kuumuka, na ya pili huelekea maua na limau. Kahawa ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia, iwe ya mwisho. Ina uzito mdomoni na ladha ya udongo na viungo, na ukianza nayo, zinazofuata zitaonekana maji.

Espreso katika nyumba hizi huwa na vipimo vinavyoonekana kwa macho: takriban gramu 18 za unga hutoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Mizani iko pale chini ya kikombe. Ikitoka kwa sekunde 15, imepita haraka na itakuwa chachu na nyembamba. Ikivuta hadi 45, itakuwa chungu na kukausha ulimi. Ukipewa yenye kasoro hiyo, sema kwa upole tu. Mabarista, yaani waandaaji wa kahawa, wa kaunta hizi wamefunzwa kurekebisha usagaji, na wengi hufurahi kukutana na mteja anayeonja kwa makini.

Ukikuta mashine inayoitwa Clover, iombe ikiwa hujawahi kuiona. Hupika kikombe kimoja kwa wakati: unga na maji hukaa pamoja kwenye chemba kwa chini ya dakika moja, kisha pistoni, yaani kipande kinachopanda na kushuka ndani ya chemba, huvuta kahawa kupitia wavu laini, na kuacha machicha makavu juu. Ilibuniwa na kampuni ndogo ya Seattle ambayo Starbucks iliinunua mwaka 2008.

Kosa linalogharimu wengi ni kuagiza vyote kwa mkupuo ili “kumaliza foleni”. Vikombe vitatu vya moto vikiletwa pamoja, cha tatu utakionja kikiwa kimepoa kabisa. Agiza kidogo kidogo. Vyenye maziwa na sukari viwe vya mwisho, maana mafuta ya maziwa hufunika ulimi.

*Je, nikionja ghorofa zote kafeini haitanidhuru? Moyo wangu huenda mbio nikinywa vikombe vitatu.*

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, katika tathmini yake ya mwaka 2015 iliona kwamba mtu mzima mwenye afya hana sababu ya wasiwasi kwa miligramu 400 kwa siku nzima, au 200 kwa mkupuo. Kwa mjamzito kikomo ni 200 kwa siku. Espreso moja ndogo hukaribia miligramu 60 hadi 75, na ile ya gramu 18 tuliyoieleza ni mara mbili ya hapo. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa karibu 95, mara nyingine zaidi sana. Kahawa iliyolowekwa kwenye maji baridi saa 12 hadi 24 hudanganya kwa sababu haina uchungu, ilhali glasi kubwa inaweza kuzidi kikombe cha moto. Mkaango mzito haumaanishi kafeini nyingi. Ukipima kwa uzito, tofauti ni ndogo.

Kwa hiyo espreso mbili, sifoni moja na glasi ya baridi tayari zimekugusisha kikomo. Kula kwanza. Gawaneni vikombe, wawili kwa kimoja. Waonjaji wa kazi hutema, na ukiomba kikombe kitupu cha kutemea hakuna atakayekushangaa kwenye kaunta ya kuonjea. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo aliyetua jana kutoka bara jingine na bado usingizi umempinduka asipange ziara hii saa kumi jioni. Wewe ambaye moyo huenda mbio kwa vikombe vitatu, mwone daktari kabla ya safari, na huko uombe isiyo na kafeini. Hiyo nayo huwa na miligramu chache, si sifuri.

*Mimi sinywi pombe kabisa kwa sababu ya dini. Nimeona wanauza kahawa iliyokaa kwenye mapipa ya wiski. Ina kilevi?*

Swali zuri, na jibu lina sehemu mbili. Buni hiyo huwekwa ikiwa bado mbichi ndani ya mapipa yaliyokwisha kutolewa wiski, hugeuzwa-geuzwa kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa buni mbichi hufyonza harufu upesi, hunyonya ile ya mbao na ya kilichokuwamo. Baadaye hukaangwa. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, na pipa la kukaangia huvuka 200, kwa hiyo kilevi huondoka na harufu hubaki. Hadi hapo ni fizikia. Kama harufu na chanzo chake vinakubalika kwako, hilo ni la kumuuliza mwanachuoni unayemwamini. Mhudumu wa kaunta hawezi kukufutia shaka hiyo.

Zaidi ya punje, angalia mambo mengine matatu. Baa ya ghorofa ya juu hutumia kahawa kwenye vinywaji vyenye pombe halisi, na majina yao hayasemi hivyo waziwazi, kwa hiyo uliza kinywaji kwa kinywaji. Baa hizo pia hutengeneza vinywaji visivyo na pombe, lakini kwa vifaa vile vile vya kuchanganyia, hivyo ukitaka kujitenga kabisa agiza kaunta za chini. Na vitindamlo: tiramisu na baadhi ya keki za Kiitaliano huweza kutiwa pombe ndani ya krimu au sharubati yake.

*Nataka kuleta kahawa nyumbani. Ninunue kiasi gani, na uwanja wa ndege watanizuia?*

Nunua mwishoni mwa ziara, na kama ratiba inaruhusu, siku ya mwisho ya safari. Usiulize tarehe ya kuisha. Uliza tarehe ya kukaangwa. Iwe ndani ya wiki mbili zilizopita. Kahawa ya kuchuja hupendeza kuanzia siku ya nne au tano baada ya kukaangwa, ya espreso huhitaji wiki moja hadi mbili za kupumzika, na baada ya wiki sita hivi ladha za juu zimepotea hata kama mfuko haujafunguliwa. Gramu 250 hutoa vikombe 16 vya gramu 15. Piga hesabu ya unywaji wa nyumba yako kabla hujashawishika na mfuko wa kilo. Kama lazima ununue nyingi, gawanya kwenye vifuko visivyopitisha hewa, gandisha, na kila ukitoa kimoja kisirudi tena kwenye friza.

Chukua punje nzima. Sababu ya kwanza ni ubora: unga hupoteza harufu ndani ya dakika, punje ndani ya wiki. Sababu ya pili ni ukaguzi. Kwenye ndege ziendazo Marekani na ndani yake, unga unaozidi mililita 350 ukiwa kwenye mkoba wa mkononi huweza kutolewa na kukaguliwa zaidi, na wasiporidhika nao hubaki. Punje si unga. Kahawa ya chupa iliyonunuliwa mjini ikizidi mililita 100 haipiti mkononi kwenye viwanja vingi vya ndege. Iweke kwenye begi la kupakiwa, ndani ya mifuko miwili.

Ukipimiwa punje kwenye kaunta, omba mfuko ufungwe kwa mashine na ubandikwe lebo yenye jina la kahawa, uzito na tarehe. Maofisa wa forodha hawapendi mfuko wa kahawia usio na maandishi. Kahawa iliyokaangwa hupita nchi nyingi bila tabu, lakini itangaze kwenye fomu kama fomu inauliza vyakula. Buni mbichi ni jambo tofauti: huhesabiwa kama mazao ya mimea, na nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea. Pale kiwandani hata wakikupa punje chache mbichi za kutazama, ziache hapo.

Mfuko utavimba angani, kwani kabini huwa na mgandamizo wa mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari. Mfuko wenye vali, yaani kitundu cha kutolea gesi, huitoa na kunywea tena. Usiutoboe, na usiuweke chini ya viatu.

*Nililetewa zawadi ya kahawa kutoka jumba la New York. Kule walisema ina ladha ya beri, mimi napata uchachu tu. Nakosea wapi?*

Yawezekana hukosei, maji yako si yao. Wao huchuja na kurekebisha maji mpaka madini yaliyoyeyuka yakaribie miligramu 150 kwa lita. Maji laini mno hutoa kikombe chachu na chepesi, maji magumu mno hutoa kikombe kilichofifia kama chaki. Jaribu maji ya chupa ambayo lebo yake iko karibu na kipimo hicho, mara moja tu, uone kama tofauti inatoka hapo.

Kisha vipimo. Gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji, kwa mizani na si kwa kijiko, kwa sababu kijiko cha mkaango mzito ni chepesi kuliko cha mkaango mwepesi. Saga kadiri ya mchanga wa wastani. Suuza karatasi kwa maji ya moto. Maji yawe nyuzi 93 hadi 96; kwa mkaango mwepesi, karibu na kuchemka ni sawa. Mimina gramu 40, ngoja sekunde 40 povu litulie, kisha mimina zilizobaki kwa awamu mbili au tatu. Yote yawe yamechujika kati ya dakika 2:45 na 3:15.

Yakipita chini ya dakika mbili na nusu na kikombe ni chachu, saga laini zaidi kwa hatua moja. Yakivuka dakika nne na ulimi unakauka, saga kwa ukubwa zaidi. Badili kitu kimoja kila mara. Wanaobadili usagaji, joto na kiasi asubuhi moja hawajui kilichowasaidia. Na ikiwa unasagia kwa kinu cha visu, hapo ndipo pa kutumia fedha kwanza: kinachokata hovyo hutoa vumbi lenye uchungu na vipande vyenye uchachu ndani ya kikombe kimoja, na hakuna kumimina kutakakoponya hilo.

*Naomba mnifafanulie kuhusu bakshishi, kodi na kadi. Sitaki aibu mbele ya mashine ya kulipia.*

Marekani bei ya kwenye ubao haina kodi ya mauzo. Huongezwa kwenye malipo. Skrini ikikuuliza bakshishi, kwenye kaunta ni hiari na wengi huacha kidogo au hawaachi, ila ukihudumiwa mezani au kwenye baa asilimia 15 hadi 20 ndiyo desturi. Italia kodi imo tayari ndani ya bei na bakshishi haidaiwi. Japani bakshishi haitolewi. Ukiacha sarafu mezani utakimbizwa urudishiwe. Huko pia kodi ni asilimia 10 ukikaa ndani na 8 kwa vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vya kuondoka navyo, ndiyo maana utaulizwa kabla ya kulipa.

Mashine ya kadi ikikupa uchaguzi wa kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale. Ile nyingine hukokotolewa kwa kiwango cha mwenye mashine, na karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako.

*Watoto wanaruhusiwa? Na picha?*

Watoto wanaruhusiwa ukumbini, na wengi hupenda mabomba na sinia linalozunguka kuliko wakubwa wanavyolipenda. Chokoleti ya moto ipo. Baa ya pombe ina umri wake: miaka 21 Marekani, 20 Japani, 18 Italia, na hata mwenye mvi huweza kuulizwa kitambulisho Marekani, kwa hiyo beba pasipoti. Kwenye gari la mtoto au kiti cha magurudumu, uliza lifti ilipo mapema. Ngazi ya umeme ya Chicago haifai kwa vyote viwili.

Picha za simu hakuna anayezikataa. Miguu ya kamera na taa hukataliwa bila kibali. Ukitaka jengo tupu nyuma yako, fika mlango unapofunguliwa, na anza na ghorofa ya juu kabisa kabla wengine hawajapanda.